Vidole vya Mguu wa Kushoto

19 Desemba. Asubuhi mbingu nyeupe, hakuna upepo. Kipimajoto cha barazani kinasoma hasi 14.

Bwawa limeshika. Kocha Tundup alilipiga nyundo katikati na kandokando, kisha akaruka juu yake kama ndama aliyefunguliwa, na barafu haikulia. Kuanzia leo jioni wanaume watafungulia mfereji kidogo kidogo, maji membamba yapite juu na kuganda, kesho tena na kesho kutwa tena, hadi uso wote uwe laini kama sahani. Kisha mazoezi yataanza.

Nimetoa viatu vya barafu sandukuni na kupaka mafuta vyuma vyake. Halafu nimevua soksi na kuutazama mguu wa kushoto kwenye mwanga wa dirisha. Vidole viwili vya mwisho bado vina rangi ya zambarau kwenye ncha. Nimevichoma kwa sindano ya kushonea, havikuhisi kitu. Mwezi wa tatu daktari wa mjini Leh aliniambia: "Safari hii vimerudi. Vikiganda tena, tutavikata." Wachezaji wengine wa hoki hukimbia, na kukimbia kunawapa joto. Kipa husimama. Mimi ni kipa.

Kocha hajui alichosema daktari. Bibi anajua, kwa sababu alikuwapo. Hajasema neno, ila leo aliviona viatu mlangoni akaviruka, hali njia ilikuwa pembeni.

21 Desemba. Jua, baridi kavu, hasi 16.

Mazoezi ya kwanza. Tuko wasichana kumi na watatu, kama mimi wa miaka thelathini na moja bado naitwa msichana. Kipa wa akiba mwaka huu ni Chorol, binti wa mwenye kinu cha shayiri, ana miaka kumi na tisa na huongea tangu anapofunga kamba za viatu hadi anapozifungua. Akikaa benchi hututangaza kama mtu wa redio: "Na sasa dada Spalzes anagonga nguzo ya kushoto, anagonga nguzo ya kulia, anataka kujikuna pua, kofia ya chuma inamkatalia..." Ni kweli nagonga nguzo za goli kwa ncha ya kiatu kila wanapokuja kushambulia, kushoto halafu kulia. Naamsha miguu, na najua nimesimama wapi. Sikuona haja ya kutangazwa.

Nilimwambia kocha kwamba huyu hana utulivu wa kipa.

"Ana macho," akasema kocha.

22 Desemba. Mawingu, hasi 13. Mazoezi. Hakuna la kuandika.

24 Desemba. Theluji nyepesi alfajiri, ikakoma. Hasi 12.

Kifurushi kimefika kutoka Chandigarh, kimetumwa na mdogo wangu Deskit, ambaye ni muuguzi huko. Ndani mna soksi za kijivu, ndefu hadi chini ya goti. Waya mwembamba umeshonewa ndani, unazunguka vidole vyote na kurudi. Kwa juu kila soksi ina mfuko wenye kifungo, na ndani ya mfuko betri ndogo kama kiberiti, yenye taa tatu. Taa tatu maana yake imejaa, moja maana yake inakwisha. Nilimpigia simu.

"Zina nyaya," nikamwambia.

"Ndizo zenyewe. Wale wanaoteleza kwenye theluji Gulmarg wote wanavaa hizo siku hizi. Unabonyeza, unapata joto."

"Na zikilowa jasho?"

"Unafua, unaanika, kama soksi nyingine. Dada, usinisomeshe maelekezo yake kwenye simu, nina wagonjwa. Vaa tu. Vidole vyako vikikatwa mimi ndiye nitakayekufunga bandeji, na sitakuwa na huruma."

Bibi alizishika kwa ncha za vidole, akazigeuza.

"Zina moto hizi?"

"Zina joto, Bibi. Moto hazina."

"Joto bila moto ni homa."

"Ni betri."

"Nimeuliza tu. Na zinavaliwa miguuni." Akanirudishia. "Vaa. Lakini zisivuke kizingiti cha jikoni."

Hilo hata hakuhitaji kulisema. Nyumbani kwetu, kama nyumba zote za hapa, kitu cha miguuni hakianikwi jikoni, wala hatuelekezi nyayo kwenye jiko tukikaa. Mungu wa jiko huchukia harufu hiyo, na akichukia maziwa hukatika na macho ya watu huvimba. Sijui kama naamini. Najua tu kwamba sijawahi kuanika soksi jikoni na simjui aliyewahi. Jikoni ndiko tunakoishi na kulala msimu wote wa baridi, chumba pekee chenye joto. Kwa hiyo soksi hukaa barazani, upande wa jua. Hugeuka mbao usiku, mchana barafu hukung'utwa, zikawa zimekauka.

25 Desemba. Angavu, hasi 17.

Nimezivaa. Nilitaka kuvaa na za sufu juu yake, kocha akakataa. Alikuwa jeshini miaka mingi kule juu kwenye barafu ya mpakani, na kuhusu miguu hana mzaha.

"Moja tu. Kiatu kikibana damu haipiti, na hiyo betri yako haiwezi kupasha damu ambayo haijafika."

Mguu wa kulia ulipata joto zuri. Wa kushoto, vidole vitatu vilipata joto. Viwili vya mwisho siwezi kuvisemea. Kwa hivyo naziamini taa.

Utaratibu: jioni umeme ukija nachaji betri kwenye chumba cha wageni. Zikijaa nazirudisha kwenye mifuko ya soksi kule barazani, nafunga vifungo, ili asubuhi nisitafute kitu.

29 Desemba. Upepo wa magharibi, hasi 15.

Chorol ameomba kuzijaribu.

"Dakika moja tu, dada. Nijue matajiri wanajisikiaje."

"Hapana."

"Nusu dakika. Mguu mmoja."

"Ni za kipa."

"Na mimi ni nani, mpishi?"

"Wa akiba."

Wengine walicheka. Yeye alicheka kuwashinda.

31 Desemba. Losar, mwaka mpya wetu. Hakuna mazoezi. Nimekula kupita kiasi.

3 Januari. Ukungu bondeni, hasi 19.

Betri ya kushoto ilizima kabla ya kipindi cha pili. Asubuhi ilionyesha taa tatu, niliziona kwa macho yangu nilipokuwa nafunga kamba. Nilitoka, nikavua, vidole vilikuwa vya baridi lakini vya rangi yake. Nimechaji tena.

4 Januari. Hasi 19. Zote mbili zilifika mwisho, ila dhaifu.

6 Januari. Hasi 21, angavu. Ya kushoto imezima tena. Kabla sijazivaa soksi, nilipotoka kuchukua fimbo nyingine, nilimkuta Chorol ameinama karibu na begi langu. Alisema anatafuta utepe wa kufungia fimbo yake. Utepe kweli ulikuwa pale.

8 Januari. Hasi 20.

Nimempigia Deskit kumwuliza kama alinunua za bandia. Alikasirika. Alisema muuzaji anavaa hizohizo na betri yake inadumu nusu siku. "Labda mtu anaziwasha hukujua," akasema. Hakuwa na maana yoyote, nafikiri. Lakini neno lilikaa.

11 Januari. Mawingu mazito bila theluji. Hasi 18.

Leo ya kushoto ilizima mwanzoni kabisa, hata jasho sijatoka. Nilitoka nje ya goli, nikaenda hadi benchi.

"Umezivaa soksi zangu," nikamwambia Chorol.

Alicheka. "Lini?"

"Siku ile ya utepe. Na leo, nilipokwenda kwa kocha."

"Dada, tazama mguu huu. Mama yangu anasema ningezaliwa na manyoya ningekuwa bata. Nikivaa soksi zako zitapasuka kama puto."

"Basi umeziwasha tu kuona zinavyofanya kazi."

"Nipashe nini, begi?"

Wasichana waliangua kicheko, na mimi sikupenda kicheko kile. Nikasema, mbele ya wote, kwamba kipa wa akiba hasimami golini mpaka kipa aumie, na kila mtu anajua hivyo.

Hapo aliacha kucheka. Alifungua kamba za viatu vyake, kimoja, cha pili, akavitupia begani akaondoka kupitia njia ya miti ya mipopla. Sikuwahi kumwona akifungua kamba bila kuongea.

Jioni Bibi alikuwa akisukasuka siagi kwenye chai.

"Binti wa kinu amepita hapa. Hakunisalimia. Yeye anayemsalimia hata punda."

"Tumekosana."

"Nani kamkosea mwenzake?"

Nikamweleza kuhusu betri. Alisikiliza hadi mwisho.

"Umemwona akizivaa?"

"Hapana."

"Ah," akasema, akanimiminia chai.

13 Januari. Hasi 18. Chorol hakuja. Mazoezi yalikuwa kimya. Nilidhani nitafurahia kimya hicho.

14 Januari. Hasi 16, jua.

Kocha alikwenda kinuni akarudi naye. Akanivuta pembeni.

"Mwombe radhi. Au ulinde goli msimu mzima bila akiba, ukianguka nimweke mbwa."

Nilimwendea. Nilimwambia sina uhakika tena.

"Hiyo si radhi, dada," akasema.

"Najua."

"Haya. Ikikomaa utaniletea."

Akaketi benchi. Hakutangaza.

17 Januari. Theluji, hasi 10. Tumefagia tu.

20 Januari. Leh. Hasi 17 mjini.

Robo fainali ya kombe la wanawake. Tulikuja jana tukalala kwa shangazi, watu kumi na watatu sakafuni kama magunia. Nilichaji betri pale pale karibu na mto wangu kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Soksi zenyewe nilizitundika nje dirishani.

Tumeshinda tatu kwa moja. Betri zote mbili zilidumu mchezo mzima na baada ya mchezo bado taa mbili. Labda umeme wa mjini una nguvu zaidi.

Daktari wangu alikuwa miongoni mwa watazamaji. Nilijificha nyuma ya kofia.

23 Januari. Nyumbani. Hasi 23, angavu sana, milima inaumiza macho.

Mazoezi. Ya kushoto imezima. Sasa nina hakika ni umeme wa kijijini, ni mwembamba. Chorol hakuwa karibu na begi. Tangu siku ile hulipita kwa mbali kama lina ugonjwa. Nimeandika hili ili lihesabiwe upande wake.

25 Januari. Hasi 22. Nimechaji mara mbili mfululizo.

26 Januari. Hasi 24. Kesho nusu fainali Leh. Hatulali mjini, shangazi ana wageni. Gari litatuchukua alfajiri. Soksi ziko barazani, zimefungwa tayari.

27 Januari. Alfajiri nyota, hasi 25, hakuna pumzi ya upepo.

Naandika kwa mpangilio.

Nilivaa soksi ndani ya gari tulipokaribia mjini. Taa tatu kulia, taa tatu kushoto. Nikavaa viatu, nikafungiwa magodoro ya miguuni, na baada ya hapo mtu haoni tena taa.

Kipindi cha kwanza tuliongoza bao moja. Cha pili, mawili. Wenzetu wa upande wa pili walikuwa wazuri, walikuja wengi, na kazi ilikuwa nyingi, nami nilicheza vizuri. Sisemi kwa kujisifu. Kuna siku kile kisahani cha mpira huonekana kikubwa na huja polepole, na leo ilikuwa siku hiyo. Sikuwaza miguu hata mara moja.

Mwanzoni mwa kipindi cha tatu refa alipuliza filimbi, mtu mmoja amevunja fimbo. Nikaona Chorol anashuka benchi na kuja golini, amevaa magodoro yake, kofia mkononi.

"Toka, dada," akasema.

"Rudi ukakae."

"Mguu wako wa kushoto umelala."

"Nani kakwambia?"

"Nguzo. Tangu nusu ya kipindi cha pili unagonga kulia tu. Kushoto unainua mguu, unapiga hewa, unaendelea. Hujui hata kama umekosa."

"Taa zilikuwa tatu."

"Sijui taa. Najua nguzo."

Nikamwambia aondoke, tunaongoza, hana haki. Nilitumia maneno mengine pia. Refa akaja.

"Wewe binti, unafanya nini uwanjani?"

Chorol alikaa chini. Alikaa juu ya barafu, ndani ya goli langu, akaegemea wavu.

"Nimechoka, mzee. Napumzika."

Watu walicheka, hadi wale waliokaa juu ya ukuta wa uwanja. Refa alitupa adhabu ya dakika mbili, tucheze pungufu, na bado hakuinuka. Ndipo kocha alipoingia, akiteleza kwa viatu vya kawaida, akanishika mkono bila kuniuliza.

"Nakwenda kuutazama mguu. Ukiwa mzima utarudi na huyu nitamfukuza mbele yako."

Kwenye kibanda cha kubadilishia alikata kamba kwa kisu. Betri ya kushoto haikuwa na taa hata moja. Mguu ulikuwa mweupe kama mshumaa, kuanzia vidole vyote vitano hadi katikati ya unyayo. Alibonyeza kwa kidole gumba, alama ikabaki.

Nikamwambia basi, yale ya daktari, ya mwezi wa tatu.

"Ungeniambia Desemba."

"Ungeniweka benchi."

"Ndiyo."

Kulikuwa na jiko la mafuta kibandani, na msichana mmoja alitaka kuusogeza mguu pale. Kocha alimfokea kwamba nyama isiyohisi huungua bila kujua. Akafungua koti, akafungua sweta, akavuta shati, akauchukua mguu wangu akaubandika tumboni mwake kwenye ngozi.

"Kocha, haifai," nikasema. Ni mtu wa umri wa baba yangu. Mguu wa mtu hauguswi hivyo, seuze kuwekwa juu ya mwili wa mkubwa.

"Funga mdomo. Kule juu tulifanyiana hivi usiku kucha, na maofisa pia." Tumbo lake liliruka, akang'ata meno. "Mama yangu. Mguu wa maiti una afadhali."

Tulikaa hivyo. Mchezo hatukuuona. Tulisikia tu kelele, na kila kelele kocha aliinua kichwa kisha akakishusha. Mara moja kelele ilikuwa ya upande wao. Baadaye filimbi ndefu. Mlango ukafunguliwa kwa teke, Chorol akaingia, uso mwekundu, anatweta.

"Mbili kwa moja, tumo fainali," akasema. Halafu akatuona, mimi na kocha na tumbo la kocha. "Nitoke nirudi baadaye?"

Hospitali. Daktari alikuwa yuleyule. Hakunigombeza. Aliuloweka mguu kwenye maji ya vuguvugu, vidole vitatu vikaanza kurudi rangi na nikapiga kelele. Viwili vya mwisho viligeuka kijivu, vikanyamaza.

"Tusubiri," akasema. "Vikianza kuuma siku mbili tatu hizi, viko hai. Visipouma, uje tuvikate kabla havijaharibu vingine."

"Vikiuma nitarudi golini?"

Aliniangalia kama kwamba nimemwuliza njia ya kwenda mwezini.

28 Januari. Sikutazama kipimajoto. Nyumbani, nimelala jikoni, mguu umefungwa.

Vidole vitatu vinauma kama vimebanwa mlangoni. Viwili, hakuna kitu.

Chorol alikuja mchana na mfuko wa unga. Alimsalimia Bibi, paka na mimi, kwa mpangilio huo. Kisha akaomba betri, akaitazama ile ya kushoto.

"Usiku inalala wapi?"

"Ndani ya soksi."

"Na soksi?"

"Barazani."

Aliigeuza betri mkononi. "Na simu yako inalala wapi?"

"Chini ya mto."

"Kwa nini?"

"Ikilala kwenye baridi asubuhi inakuwa imekufa," nikasema. Na nilipokuwa nasema nilisikia nilichokuwa nasema.

Hakucheka. Ningeelewa kama angecheka. Mtoto wa darasa la kwanza hapa anajua kwamba betri hulala na mtu. Mimi niliyemaliza kidato cha sita niliitoa betri kwenye chaji kila jioni nikaitembeza hadi nje kwenye hasi ishirini na nne, kwa sababu ilikuwa kitu cha miguuni, na cha miguuni mahali pake ni barazani. Si kwamba nilifikiri nikakosea. Sikufikiri kabisa. Kwa shangazi zilidumu kwa kuwa zililala ndani; nje, ya kushoto ndiyo iliyokuwa dhaifu ikafa kwanza.

"Chorol," nikasema. "Nilikusingizia. Mbele ya watu. Nisamehe."

"Imekomaa," akasema, akaanza kula aprikoti zetu.

Bibi alikuwa amesikiliza yote akiwa anachochea moto. Alinyoosha mkono apewe betri. Aliinusa. Akaipangusa kwa mkono wa kanzu yake, pande zote.

"Hii imewahi kukanyaga chini?"

"Hapana, Bibi. Inakaa huku juu, kwenye mfuko."

"Basi hii si soksi." Akaitia kifuani, ndani ya kanzu ya sufu, kisha akanyoosha mkono tena kwa ajili ya ya pili. "Soksi ibaki nje. Hizi zitalala na mimi. Kwa nini hukuniuliza?"

"Sikujua kama kuna cha kuuliza."

"Ah," akasema Bibi, vilevile kama siku ile ya chai.

29 Januari. Mawingu, hasi 15. Viwili havijauma. Nimevichoma sindano. Hakuna.

30 Januari. Asubuhi angavu, upepo wa kaskazini, hasi 20. Fainali.

Nilikwenda Leh nao, na gongo. Njiani nilifanya hesabu, na tulipofika nilimweleza kocha peke yake. Vidole viwili havijauma, siku ya tatu hii. Kama vimekufa, vimekufa. Haviwezi kufa mara mbili. Nikifungwa vizuri naweza kusimama golini hadi mwisho. Ni fainali, na mwakani kwa hali yoyote sitacheza. Sikulia wala sikumbembeleza. Niliona ni hoja nzuri, na bado naona ilikuwa imepangika.

Kocha alitazama gongo langu, kisha goli. Nadhani alikuwa anaelekea kuikubali. Chorol alikuwa nyuma yetu na fimbo zake, tulidhani hasikii.

"Na vile vitatu vingine, dada?" akasema. "Vyenyewe vimeulizwa?"

Nilikaa kwenye benchi la kibanda. Mguu ulikuwa unaniuma pale palipokuwa hai, na nilitambua kwamba katika hesabu yangu sikuwa nimeipa sehemu hiyo nafasi.

Nikamwambia Chorol alete miguu yake. Soksi zilivutika hadi zikawa kama ngozi ya ngoma, lakini ziliingia. Bibi alikuwa amenipa betri alfajiri, zimefungwa kwenye kitambaa, zina joto la mwili wake na harufu ya siagi. Nilizitia mifukoni mwa soksi, nikabonyeza. Nilimfunga kamba za viatu mwenyewe, nikiacha nafasi kwenye vidole.

"Kazi ya kipa ni kusimama," nikamwambia. "Lakini ukiacha kuhisi kidole kimoja, toka. Nitakuangalia unavyogonga nguzo."

"Na mimi nitangazwe basi," akasema.

Nikamtangaza. Si kwa sauti kubwa. Sina kipaji hicho.

Tulifungwa mbili kwa moja. Bao la pili hakuna kipa wa bonde hili ambaye angelizuia. La kwanza mimi ningelizuia. Nilimwambia hivyo aliponiuliza, na alikubali, tukazungumza mguu uende wapi kisahani kinapokuja chini kwenye kona ile, na baada ya dakika chache alikuwa ananikatiza tena. Miguu yake ilikuwa ya moto.

Nyumbani tulifika giza limeingia. Bibi aliuliza matokeo, akasema nafasi ya pili ni nafasi ya watu wanaorudi nyumbani mapema. Nimekula supu. Nimenyoosha mguu upande wa mlango.

Saa mbili na nusu usiku kidole cha nne kimeanza. Kwanza nilidhani ni bandeji imekaza, nikailegeza. Si bandeji. Ni moto unaopanda na kushuka pamoja na mapigo ya moyo. Cha tano kimya. Daktari alitoa vidonge vya maumivu. Bibi amevileta na maji, nimevikataa kwanza, nataka kusikia.

Saa sita kasoro robo. Cha nne siwezi kukivumilia vizuri. Cha tano kimya. Mwandiko huu mbaya ni kwa sababu hiyo.

Saa saba na dakika chache. Cha tano. Kama mtu anapigilia msumari mdogo, anapumzika, anapigilia tena. Nimesubiri nihakikishe kwamba si cha nne kinachodanganya. Nimekibonyeza peke yake kupitia bandeji na nimepiga kelele, paka amekimbia.

Nimemwamsha Bibi.

"Kinauma," nikamwambia. "Hadi cha mwisho."

"Kinauma sana?"

"Sana."

"Hongera," akasema, akageukia ukutani akalala.

Nimemeza vidonge viwili.

Nyongeza, asubuhi ya 31: nililala saa kumi.